Mimba ya Mke wa Fundi Paa: Kumbukumbu za Kikao cha Dharura

CHAMA CHA WALIOUMIA UTI WA MGONGO
KIKAO CHA DHARURA NA. 2

Tarehe: Jumamosi, 14 Juni
Mahali: Chumba cha mazoezi ya viungo, jengo la nyuma la hospitali
Kuanza: Saa 4:20 asubuhi (kilipangwa saa 4:00, mwenye ufunguo alikuwa bado anatafutwa)

WALIOHUDHURIA
Mwenyekiti – mwalimu mstaafu
Katibu – aliyekuwa karani wa ghala. Mwandishi wa kumbukumbu hizi
Fundi Paa – mwanachama, mlalamikaji
Breki – mwanachama, aliyekuwa dereva wa lori
Wanachama wengine kumi na mmoja, waliotia sahihi kwenye daftari la mahudhurio

WAALIKWA
Mke wa Fundi Paa – mshonaji
Mama mzazi wa Fundi Paa
Muuguzi wa kitengo cha uti wa mgongo

WASIOHUDHURIA
Mweka Hazina – kwa taarifa. Kidonda cha kukalia kimemrudia na ameamriwa kulala kifudifudi wiki tatu.
Kaka wa Mke wa Fundi Paa – alialikwa. Alituma ujumbe kwamba hawezi kukaa chumba kimoja na watu waliomfanya mgoni wa dada yake mwenyewe.

KUMB. NA. 1/ KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti aliwakaribisha wajumbe na kueleza kwamba kikao kina jambo moja tu, na kwamba jambo hilo linagusa heshima ya nyumba ya mwanachama. Kwa hiyo aliagiza simu zote zizimwe na kuwekwa juu ya godoro la mazoezi. Simu kumi na tano zilikusanywa. Breki aliuliza kama utajadiliwa pia mteremko wa kupitisha viti vya magurudumu kwenye choo cha nyuma, ambao umebomoka upande mmoja. Mwenyekiti alijibu kwamba mteremko ni wa kikao cha kawaida. Breki alisema mteremko huo umekuwa wa kikao cha kawaida tangu mwaka jana. Mwenyekiti alimwomba afunge breki, na wanachama walicheka kidogo.

KUMB. NA. 2/ NANI AANDIKE

Mwenyekiti alieleza kwamba malalamiko yaliyoletwa yanamhusu Katibu, na si sawa mtu kuandika kesi yake mwenyewe. Alipendekeza daftari lishikwe na mwanachama mwingine kwa leo. Katibu aliunga mkono na kuanza kulikabidhi.

Fundi Paa alipinga. Aliomba maneno yake yaandikwe kama alivyoyatamka, nayo ni haya: "Hapana. Aandike yeye. Alisema kwa mdomo wake, sasa aandike kwa mkono wake. Na asiruke hata nukta."

Wanachama tisa walinyoosha mikono kumuunga mkono. Katibu hakupiga kura. Iliamuliwa kwamba Katibu aandike, na kwamba popote mtu atakapotaka maneno yake yabaki yalivyo, yabaki yalivyo.

KUMB. NA. 3/ MALALAMIKO

Kwa faida ya waalikwa, ilielezwa kwamba Fundi Paa alianguka kutoka juu ya godauni miaka minne iliyopita akiwa anapigilia bati, akaumia uti wa mgongo katikati ya mgongo, chini ya mabega. Mikono yake ni mizima. Miguu haina hisia. Yeye na mkewe walikuwa na miezi saba tu ya ndoa siku alipoanguka. Hivi sasa mkewe ana mimba ya miezi mitano.

Fundi Paa alieleza kwamba Ijumaa ya tarehe 30 Mei, kwenye kibanda cha chama cha kutengenezea viti, wakati wanachama wanne wakibadilisha tairi, Katibu alitamka neno juu ya mimba hiyo. Mwenyekiti alimtaka Katibu alitaje. Katibu aliomba iandikwe tu kwamba lilikuwa neno lisilofaa. Fundi Paa alikumbusha uamuzi wa KUMB. NA. 2. Katibu alilitaja. Neno lenyewe lilikuwa: "Sisi sote hapa ni watu wa magurudumu manne. Mimba ile ni ya magurudumu mawili."

Mwenyekiti alimtaka aeleze maana. Katibu alieleza kwamba kwa Alhamisi nne, kila baada ya wiki kadhaa, akiwa kwenye foleni ya duka la dawa lililo mkabala na lango la hospitali, alimwona mke wa Fundi Paa akishuka kwenye pikipiki ya mwanamume. Kila mara alikuwa amejikumbatia kifuani kama aliyebeba kitu, na kila mara aliingia ndani mbiombio bila kusalimia mtu. Katibu aliona hivyo, akajumlisha mwenyewe.

Mwenyekiti aliuliza kama Katibu alimuuliza mtu yeyote kabla ya kujumlisha. Katibu alijibu kwamba hakuuliza. Mwenyekiti aliuliza ni nani waliocheka pale kibandani. Breki alikiri kwamba yeye alicheka, tena mpaka spana ikamponyoka. Alikiri pia kwamba alipofika nyumbani alimsimulia mkewe, akidhani ni mzaha wa wanaume usio na miguu. Mama mzazi wa Fundi Paa alisema mzaha huo ulipata miguu, kwa maana ulimfikia yeye kesho yake kwenye foleni ya maji, kutoka kwa mke wa Breki, mbele ya ndoo za watu wote.

KUMB. NA. 4/ YALIYOTOKEA NYUMBANI

Mama mzazi wa Fundi Paa alieleza kwamba hana mtoto mwingine. Siku mwanawe alipolazwa, daktari wa zamu alimwambia, "Mama, shukuru yuko hai, mengine sahau." Naye alisahau. Alijifunza kumgeuza mwanawe kitandani kila baada ya saa mbili, alijifunza kuosha mrija wa mkojo, na habari ya wajukuu aliifungia sandukuni. Kwa hiyo tumbo la mkwewe lilipoanza kuonekana hakujua afurahi au alie. Aliposikia yale ya kwenye foleni aliona amepata jibu. Jumanne ya tarehe 3 Juni aliingia chumbani, akafunga nguo za mkwewe kwenye mabegi mawili na kuyatoa kizingitini. "Na cherehani nilimfungia vizuri kwenye shuka," alisema, "asije akasema nimemdhulumu."

Mke wa Fundi Paa alipewa nafasi. Alisema tangu siku hiyo anaishi kwa kaka yake, siku kumi na moja sasa. Alisema maneno ya Katibu yalimuuma na mabegi yalimuuma, lakini si hayo yaliyomtoa. Aliomba yafuatayo yaandikwe yalivyo:

"Kilichonitoa mle ndani ni huyu hapa. Mume wangu anajua kila kitu. Alikuwepo. Mikono yake ndiyo iliyonikabidhi kile kichupa. Watu wengine walikuwa na haki ya kutojua, yeye hakuwa nayo. Lakini mama yake alipomfikishia yale maneno alikaa siku mbili hanitazami. Siku ya tatu akaniuliza, 'Una hakika?' Nikaokota mabegi."

Mwenyekiti alimuuliza Fundi Paa kama ni kweli. Alijibu kwamba ni kweli. Mwenyekiti aliuliza kwa nini. Fundi Paa aligeuza kiti chake kumwelekea mkewe. Kisha alisema, na aliomba yaandikwe:

"Nilipozinduka niliambiwa mimi ndiyo basi. Ukishaambiwa umekwisha, hata ukiletewa mtoto mkononi unamtafutia mwenyewe."

Mkewe alimwambia kwamba angemwambia hayo nyumbani, siku ileile, asingeondoka. Fundi Paa alisema hakuwa ameyajua mpaka sasa hivi alipoyasema.

Mama mzazi wa Fundi Paa aliomba maji ya kunywa. Alipewa.

KUMB. NA. 5/ MAELEZO YA MUUGUZI

Muuguzi alisema yeye hawezi kutoa siri ya mgonjwa hata mbele ya kikao. Fundi Paa alisema anamruhusu. Mkewe alisema, "Sema yote, dada. Kuficha ndiko kulikotuponza."

Muuguzi alieleza kwamba watu huchanganya mambo matatu. Kusimama kwa uume ni jambo moja. Kutoka kwa shahawa ni jambo la pili. Mbegu kuwa hai ni jambo la tatu. Ajali ya uti wa mgongo inaweza kuharibu moja na kuacha jingine, na aghalabu inachokata ni taarifa inayosafiri kati ya kichwa na viungo vya chini. Kiwanda chenyewe kinaendelea kufanya kazi. Breki aliuliza kama ni sawa na lori lenye injini nzima ila nyaya za swichi zimekatika. Muuguzi alijibu kwamba ni sawa kabisa. Breki aliwatazama wenzake.

Muuguzi aliendelea kwamba wengi wa walioumia hawawezi kutoa shahawa katika tendo la ndoa, lakini kipo kifaa cha kutetemesha, kidogo, cha kushika mkononi, ambacho huamsha njia iliyobaki chini ya jeraha. Kwa walioumia juu ya kiuno, kama Fundi Paa, mara nyingi kinafaa. Kwa walioumia chini zaidi mara nyingi hakifai, lakini zipo njia nyingine za daktari, na zikishindikana, mbegu zinaweza kuchukuliwa moja kwa moja kwenye korodani. Alionya kwa msisitizo kwamba mtu asijaribu peke yake kabla ya kupimwa. Hasa walioumia kwenye mabega au shingo, shinikizo la damu linaweza kupanda ghafla, kichwa kikapwita kwa maumivu na jasho likatoka, na hilo linaua. Mara ya kwanza hufanyika kliniki, mkanda wa kupimia shinikizo hilo ukiwa mkononi.

Mwanachama mmoja aliuliza kama mbegu zenyewe ni nzima. Muuguzi alijibu kwamba kwa wengi idadi huwa ya kawaida, ila zinaogelea kwa uzito na nyingi hufa mapema. Alisema tatizo kubwa limeonekana kuwa kwenye majimaji zinamoogelea kuliko kwenye mbegu zenyewe. Kwa hiyo maabara huzitenganisha upesi na majimaji hayo, huchagua zenye nguvu, na daktari huziweka kwenye mji wa mimba kwa mrija mwembamba. Alisema wapo wanaofanikiwa na wapo wasiofanikiwa, na hataki mtu atoke hapa na ahadi ambayo yeye hakuitoa.

Kisha alieleza habari ya wanandoa hawa. Walikuja kliniki mwaka jana, wote wawili wakitazama sakafu. Jaribio la kwanza lilifanyika kwenye chumba pekee kilichopatikana, yaani stoo ya magongo, ambayo mlango wake hauna kitasa cha ndani. Katikati ya jaribio mfanyakazi wa stoo aliingia, akaomba radhi, akachukua magongo mawili, akatoka. Fundi Paa alisema kwamba leo anaweza kuicheka habari hiyo, ila siku ile alimwambia mkewe waende nyumbani na wasirudi tena maishani. Mkewe alisema walirudi baada ya wiki tatu.

Shinikizo la damu la Fundi Paa lilipoonekana kuwa salama, walifundishwa kutumia kifaa nyumbani. Sharti lilikuwa kwamba kichupa chenye shahawa kifike maabara ndani ya nusu saa kikiwa na joto la mwili. Fundi Paa hawezi kupanda pikipiki. Kaka mkubwa wa mke ana pikipiki.

Mke wa Fundi Paa aliomba kuendelea mwenyewe. Alisema alikuwa akikifunga kichupa kwa kitambaa na kukiweka kifuani, ndani ya nguo, akikishika kwa mikono miwili kila penye shimo barabarani. Alisema kaka yake hakuambiwa amebeba nini mpaka safari ya tatu, na alipoambiwa alipunguza mwendo kwa hofu mpaka wakakaribia kuchelewa. Safari tatu za kwanza hazikushika. Kila mara alirudi nyumbani, akakaa wiki mbili akihesabu, kisha siku zake zikaja, akafua. Safari ya nne ilishika.

"Daktari ananiwekea," alisema, "huyu mwenzangu yuko nyumbani."

Fundi Paa alisema, "Nilikuwa naosha vyombo. Nilipata mtoto nikiwa na sufuria mkononi."

Wanachama walicheka, na mke wa Fundi Paa alicheka pia, kisha akajifuta macho kwa upindo wa kitenge. Katibu anaandika kwamba safari hizo nne za Alhamisi ndizo alizoziona yeye kutoka kwenye foleni ya duka la dawa.

KUMB. NA. 6/ SWALI LA KATIBU

Katibu aliomba kuuliza swali kupitia kwa Mwenyekiti. Swali lilikuwa kama miaka mingi ikipita baada ya ajali mbegu huwa zimekwisha. Muuguzi aliuliza miaka mingapi. Katibu alisema, kwa mfano, tisa.

Muuguzi alijibu kwamba hali hushuka katika wiki za mwanzo tu baada ya ajali, kisha hukaa palepale. Mtu wa miaka tisa kwenye kiti hana tofauti kubwa na mtu wa miaka miwili, isipokuwa umri wake wa kuzaliwa. Katibu aliomba arudie, ili aandike sawasawa. Muuguzi alirudia.

Mwenyekiti alimuuliza Katibu sababu ya swali. Katibu alijibu kwamba ni kwa ajili ya kumbukumbu. Mama mzazi wa Fundi Paa alimgeukia na kumuuliza, "Mwanangu, wewe ulikuwa na mke?"

Katibu alijibu kwamba alikuwa naye. Kwa kuwa uamuzi wa KUMB. NA. 2 unamkataza kuruka, anaandika aliyoyaeleza. Miaka tisa iliyopita magunia yalimporomokea ghalani. Wiki ya pili wodini, daktari alisimama upande wa miguu ya kitanda akiwa na wanafunzi sita. Aliwaambia wanafunzi, hakumwambia Katibu, kwamba mgonjwa huyu hatapata watoto. Mwanafunzi mmoja aliandika. Kisha wakahamia kitanda kinachofuata. Mke wa Katibu wakati huo alikuwa na miaka ishirini na minne na alipenda watoto kiasi kwamba watoto wa jirani walilala kwao. Baada ya kutoka hospitali Katibu alimwita shemeji yake aje amchukue dada yake. Mke alikataa. Alimwita tena. Mke alikataa. Mara ya tatu Katibu alimwambia mkewe kwamba hampendi, na kwamba alikuwa hampendi hata kabla ya magunia. Ndipo akaondoka. Ameolewa kwingine, ana watoto watatu, mkubwa ana miaka saba. Huwa anatuma salamu kwenye sikukuu.

Mwenyekiti aliuliza kama Katibu aliwahi kupimwa. Katibu alijibu kwamba hakuna aliyemwambia kuna kipimo.

Breki alinyoosha mkono, kisha akaushusha. Mwenyekiti alisema kikao kipumzike dakika tano. Hakuna aliyetoka.

KUMB. NA. 7/ KUOMBA RADHI

Kikao kiliporejea, Katibu aliomba kutoa radhi. Alianza, "Kwa niaba ya ofisi ya Katibu." Fundi Paa alimkatiza na kusema ofisi haina mdomo. Katibu aliweka kalamu chini. Maneno yafuatayo aliyaandika baadaye kwa kumbukumbu yake na kwa kusaidiwa na Mwenyekiti:

"Shemeji, nilikuona mara nne, na mara nne sikukuuliza. Sikutaka iwe ya mumeo. Ikiwa yake, basi mimi nilimfukuza mke wangu bure. Niliona ni rahisi zaidi kukuharibia wewe jina. Nisamehe. Na wewe fundi, nisamehe."

Fundi Paa alisema, "Ungekuja kwangu ukauliza ningekwambia. Ningekuchukua mwenyewe mpaka kliniki." Alisema amemsamehe, lakini asimzoee mapema.

Mke wa Fundi Paa alisema amemsikia. Kuhusu kusamehe aliomba apewe muda, kwa kuwa hivi sasa ana mzigo mwingine tumboni. Alitaka Katibu akaseme kibandani, mbele ya wale wanne, yote aliyoyasema hapa, kisha aende kwa kaka yake akamwombe radhi kwa mdomo. Kuhusu foleni ya maji, alisema huko waende Breki na mkewe, maana wao ndio walioipeleka habari hiyo. Breki alisema atakwenda, na kwamba mkewe atamtangulia, akipenda asipende. Katibu alikubali yote.

Mwanachama mmoja alipendekeza Katibu avuliwe nafasi yake. Pendekezo liliungwa mkono na wawili. Fundi Paa alilipinga, akisema kwamba mtu aliyejiandika mwenyewe namna hii hatapatikana mwingine, na kwamba adhabu yake ni kuendelea. Iliamuliwa Katibu abaki, chini ya uangalizi wa miezi sita.

Mama mzazi wa Fundi Paa hakuombwa kusema lolote, lakini alimuuliza mkwewe kama cherehani imetiwa mafuta tangu itoke nyumbani, kwa sababu ilikuwa ikilia. Mkwewe alijibu bado. Mama alisema mabegi atayabeba yeye mwenyewe kuyarudisha, yote mawili, na cherehani kichwani, na watu wa foleni ya maji wamwone. Mkwewe alimwambia, "Mama, mabegi utabeba. Lakini wa kuja kunichukua si wewe, wala si kikao."

Fundi Paa alisema kwa kaka wa mkewe kuna ngazi tatu. Mkewe alisema anazijua. Fundi Paa alisema, "Basi nitakaa chini ya ngazi mpaka utoke."

Mkewe alisema, "Njoo kesho, kabla jua halijawa kali."

KUMB. NA. 8/ MAAZIMIO

Iliazimiwa kwamba Mwenyekiti ampelekee mganga mkuu barua ya kuomba chumba chenye kitasa cha ndani, kitanda na pazia kwa ajili ya wanandoa wanaohudhuria kliniki hii, na kwamba aipeleke kwa mkono na kusubiri jibu palepale. Mwenyekiti alisema ameshawasubiri wakaguzi wa elimu miaka thelathini, mganga mkuu hamshindi.

Mjadala mrefu ulikuwa juu ya wodi. Wanachama kumi kati ya waliohudhuria walisema hawakuwahi kuambiwa lolote kuhusu kupata watoto, au waliambiwa kwa sentensi moja na mtu aliyekuwa anaondoka. Mmoja alisema aliogopa kuuliza kwa sababu alikuwa hajaoa na alidhani wataona ana tamaa wakati miguu imekufa. Muuguzi alisema swali hilo analisoma machoni mwa kila mgonjwa mpya, lakini yuko peke yake na vitanda ni ishirini na viwili.

Iliazimiwa kwamba kila Jumatano wanachama wawili waingie wodini na kuzungumza na walioumia karibuni na wenzi wao, wakiwaketisha pamoja, bila kuahidi mtoto na bila kumkatia mtu tamaa, na kuwaelekeza kwa muuguzi. Breki alijitolea kwa Jumatano ya kwanza. Mwenyekiti aliuliza nani ataambatana naye. Fundi Paa alimtaja Katibu. Katibu alisema hafai. Fundi Paa alisema, "Wewe ndiye unayejua inakuwaje ukiachwa usikilize yale ya wanafunzi." Ilipitishwa kwa mikono yote.

KUMB. NA. 9/ MENGINEYO

Muuguzi alitangaza kwamba kliniki ya vipimo hufanyika Alhamisi, na kwamba anaweza kupokea wanne kwa mwezi huu. Alizungusha karatasi ili anayetaka ajiandikishe, akasisitiza kwamba anayeona aibu anaweza kumfuata pembeni. Karatasi ilizunguka chumba kizima polepole, mtu akiisoma, akimpa mwenzake. Iliporudi kwenye meza ilikuwa na majina matatu, moja likiwa la Breki, ambaye alieleza bila kuulizwa kwamba anataka tu kukagua injini.

Mwenyekiti aliuliza kama yupo mwingine. Alipotaka kumrudishia muuguzi karatasi, aliona majina yamekuwa manne, na akauliza la nne ni la nani, kwa sababu mwandiko wake ulikuwa mdogo mno. Katibu alijibu kwamba ni lake.

Muuguzi alimuuliza kama atakuja na mwenza. Katibu alijibu kwamba hana mwenza, na akauliza kama hilo linamzuia. Muuguzi alisema halimzuii. Alisema mtu anaweza kupimwa hata kama hakuna anayesubiri majibu, kwa sababu majibu ni yake mwenyewe.

Katibu aliuliza afike saa ngapi. Aliambiwa saa mbili asubuhi, awe amekunywa maji ya kutosha, na asije peke yake, siku ya kwanza lazima awepo mtu wa kusukuma kiti wakati wa kurudi. Katibu alisema atatafuta mtu.

Mke wa Fundi Paa, ambaye alikuwa ameshachukua simu yake kwenye godoro na kufika mlangoni, alisema Alhamisi yeye yuko kliniki hiyohiyo kupimwa tumbo, na mumewe atakuwepo. Alisema watampitia Katibu.

KUMB. NA. 10/ KUFUNGA

Kwa kuwa hapakuwa na jingine, Mwenyekiti aliwaruhusu wajumbe saa 7:35 mchana, akiwaomba watoke mmoja mmoja kwa sababu mlango ni mwembamba.


Sahihi: ............................
Mwenyekiti
Tarehe: ..............


Sahihi: ............................
Katibu
Tarehe: ..............